Tableti mpya ya bei nafuu dhidi ya Samsung: niingize pisi 20 Kigoma au niache?

MwangaSimu
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la simu na vifaa vyake pale Mwanga, Kigoma mjini. Msambazaji wangu wa Kariakoo ananishawishi nichukue tableti ya kampuni mpya. Jina nalihifadhi ili uzi usigeuke tangazo. Sifa zake kama zilivyo kwenye boksi: kioo cha inchi 10.1 cha 1280 kwa 800, prosesa Unisoc T606, "RAM 12GB", memori 128GB, betri 6000mAh, sehemu ya laini ya 4G, Android 14. Ndani ya boksi kuna chaja, kava na protekta.

Ananipa kwa 265,000 nikichukua pisi 20, nami naweza kuuza 330,000. Dukani wateja wanaulizia Samsung Galaxy Tab A9+, ambayo siwezi kuitoa chini ya 560,000. Wanaoulizia wengi ni walimu, wazazi wanaotafutia watoto, wanachuo, na wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira.

Swali langu: huyu mgeni ana nafasi yoyote mbele ya Samsung kwa soko la huku, au mtaji utalala kwenye shelfu? Naomba wenye ujuzi wa vifaa hivi wanipe hoja zenye namba.

FundiGungu
Mkuu, kwanza tuweke ulinganisho sawa. Tab A9+ ya bei hiyo ni ya Wi-Fi pekee, haina sehemu ya laini. Yenye laini ni toleo la 5G na bei yake inapanda zaidi. Mpinzani halisi wa hiyo yako ni Tab A9 ndogo ya LTE, yaani 4G: inchi 8.7, kioo cha 1340 kwa 800, prosesa Helio G99, betri 5100mAh. Mteja anayetaka laini ndani ya tableti atazilinganisha hizo mbili, na hapo mgeni anashinda kwa ukubwa wa kioo, anashindwa kwa kasi. T606 ina kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) mbili tu za nguvu, Cortex-A75 za 1.6GHz. G99 nayo ina mbili, lakini ni A76 za 2.2GHz. Kwenye YouTube na WhatsApp mteja hataona tofauti kubwa. Akifungua PDF nzito yenye picha, au akiruka kati ya programu tatu nne, ataiona.

Pili, hiyo "RAM 12GB" isikudanganye wewe wala usimdanganyie mteja. Ni 4GB halisi na 8GB zilizokopwa kwenye memori ya kuhifadhia. Memori hiyo ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, kwa hiyo 4GB za kweli zikijaa tableti inaanza kuganda hata kama boksi limeandikwa 12. Isitoshe, hizo 8GB zinatoka kwenye 128 zako. Ingia kwenye mipangilio, zima hiyo RAM ya kuongeza, kisha itumie tableti nusu saa. Mara nyingi inakuwa nyepesi zaidi.

Kabla hujatoa hela yoyote, omba pisi moja ya majaribio ufanye haya:

Piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa), itume kwenda 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaijibu kwa jina gani. Jina la modeli likija tofauti na la boksini, rudisha. IMEI ikionekana batili, usiguse mzigo kabisa, kwa sababu tangu Juni 2016 vifaa vya namna hiyo vinafungiwa mtandao na mteja atakurudia wewe, siyo Kariakoo.

Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu. Chini kabisa utaona kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kisipothibitishwa, programu za benki mara nyingi hukataa kufunguka. Kwa wateja wako hilo peke yake linaua biashara.

Weka CPU-Z, programu ya kukagua kifaa. Isome prosesa, RAM na toleo la Android. Zipo tableti zinazoandika Android 14 kwenye ukurasa wa "kuhusu simu" wakati ndani ni toleo la zamani lililobadilishwa jina.

Memori ipime kwa kujaza. Chukua video ya GB kadhaa, inakili mara nyingi mpaka ubakiwe na nafasi kidogo, halafu fungua nakala ya mwisho mwisho. Memori ya uongo hupokea mafaili yote bila kulalamika, ila ukifungua yaliyoingia mwishoni yanakuwa yameharibika.

Mwisho ni masafa ya 4G, na wengi hawayaangalii kabisa. Inatakiwa iwe na bendi B3 ya 1800MHz, B20 ya 800 na B28 ya 700. Hizo mbili za chini ndizo zinazosafiri mbali na kupenya ukuta. Tableti zilizotengenezwa kwa soko la China mara nyingi hazina B20 wala B28. Mjini itakamata vizuri, mteja akiifikisha Buhigwe au Uvinza inashuka mpaka 3G, naye anasema umemuuzia mbovu.

Vifaa_Ujiji
Nakubaliana na fundi kwenye vipimo, lakini kaka MwangaSimu, usiache biashara kwa kuogopa jina. Mzazi anayetafutia mtoto katuni hanunui Samsung ya laki tano na sitini impasukie ndani ya wiki. Tofauti ya 230,000 kwa mtu wa hapa ni ada na sare. Mgeni ana nafasi pale ambapo mteja hakuwa na mpango wa Samsung tangu mwanzo. Ukimpeleka kwa aliyekuja amedhamiria Samsung, utapoteza muda.

Watu wa ng'ambo ya ziwa nao wanapenda yenye laini, kwa sababu huko Wi-Fi ya nyumbani ni ya wachache. Ila wao wanataka mambo mawili: ikubali laini ya mtandao wowote, na lugha ya Kifaransa iwemo. Washa tableti, badilisha lugha, angalia kama menyu zote zimegeuka. Kwenye tableti za kampuni ndogo unakuta nusu Kifaransa, nusu Kichina. Na uwaambie mapema kwamba waranti ni ya kuleta dukani Mwanga. Mtu akishavuka hadi Kalemie, kurudisha kifaa ni nauli na siku za safari.

Jicho_la_Teknolojia
Swali la mgeni dhidi ya mwenyeji lina majibu tayari kwenye historia ya tableti yenyewe, na inafaa uyajue kabla hujaweka milioni tano.

iPad ya Apple, ndiyo mwenyeji wa kipindi hicho, ilitoka Aprili 2010 kwa dola 499. Mwaka uliofuata wakaja wapinzani wakubwa, tena siyo kampuni za uchochoroni. Motorola Xoom ilitoka Februari 2011 kwa dola 800, ghali kuliko mwenyeji. BlackBerry PlayBook ilitoka Aprili 2011 kwa dola 499 bila programu yake ya barua pepe, kutoka kampuni iliyojulikana duniani kwa barua pepe. Ilibidi wanunuzi wasubiri hadi Februari 2012. HP TouchPad iliingia sokoni tarehe 1 Julai 2011, nayo kwa dola 499, na tarehe 18 Agosti HP wakatangaza kuiacha. Halafu wakaishusha mpaka dola 99 na ikaisha madukani kwa siku chache. Kifaa ni kilekile, programu zake ni zilezile chache, kilichobadilika ni bei tu.

Sasa tazama aliyefanikiwa. Amazon walileta Kindle Fire Novemba 2011 kwa dola 199. Ilikuwa ndogo, inchi 7, haina kamera, lakini bei yake haikufika nusu ya iPad na nyuma yake kulikuwa na vitabu na filamu za Amazon. Google na Asus wakafuata na Nexus 7 mwaka 2012 kwa bei hiyohiyo ya 199.

Kwa hiyo 330,000 kwa 560,000 ni karibu asilimia 59. Hiyo ni tofauti ya kutosha kumfanya mtu afikirie. Msambazaji akikupandishia mpaka uuze 450,000, mgeni wako amekufa, maana mteja ataongeza kidogo achukue jina analolijua. Faida uliyonayo wewe ambayo PlayBook na TouchPad hawakuwa nayo ni kwamba hii inatumia Android yenye Play Store. Shida ya programu haipo. Iliyobaki ni masasisho: Tab A9+ ilitoka mwaka 2023 na Android 13, ikapata 14 na 15. Kampuni ndogo mara nyingi inabaki na toleo ililotoka nalo.

MwalimuKasulu
Kwa upande wa walimu niseme kidogo. Wengi wetu tuna vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo mwalimu wa serikali akinunua, siyo kwa sababu hana. Ananunua kwa sababu anataka kioo kikubwa cha kusomea au cha mtoto nyumbani. Hapo kioo cha 1280 kwa 800 kwenye inchi 10.1 ni kama nukta 149 kwa inchi. Tab A9+ ina 1920 kwa 1200 kwenye inchi 11, karibu 206. Kitabu cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) cha PDF, ukurasa mzima, kwenye 149 herufi ndogo za vielelezo zinakuwa na ukungu, unalazimika kukuza na kusogeza. Fungua PDF ya Fizikia mbele ya mteja kabla hajalipa, aone mwenyewe. Atakayekubali hatarudi kulalamika.

MwangaSimu
Nawashukuru sana. Nimepata pisi ya majaribio. IMEI imejibu jina sahihi, Play Protect imethibitishwa, CPU-Z inaonyesha T606, RAM 4GB na Android 14. B3 na B20 zimo, B28 haimo. Memori imepita. Kuchaji kwa chaja yake kutoka 3% mpaka 100% imechukua karibu saa tatu na nusu. Hilo ni la kawaida?

FundiGungu
Ni la kawaida. 6000mAh kwa volti 3.85 ni kama watt-saa 23. Chaja ya 5V 2A inatoa wati 10, toa zinazopotea kama joto, na asilimia za mwisho betri hupokea polepole. Shida itaanza mteja akipoteza chaja akanunua ya elfu tatu inayotoa ampea 0.8. Hapo itachukua saa saba au zaidi, na akiwa anaitumia huku inachaji, asilimia hazipandi kabisa. Mwambie siku ya kuuza. Na kwa kuwa B28 haimo, usiwaahidi wa vijijini mtandao mzuri. Waulize wanatumia laini gani, uijaribu hapo hapo.

Sasa suala litakaloamua kama biashara hii inafaa: kioo. Tableti haifi kwa prosesa, inakufa kwa kudondoka. Hiyo yako, kwa bei yake, karibu hakika tachi (kioo cha juu unachogusa) na kioo cha ndani kinachoonyesha picha vimetengana, havijagandishwa pamoja. Ukitazama kwa ubavu utaona nafasi ndogo ya hewa katikati. Kwa matengenezo hilo ni jema, maana tachi ikipasuka unabadilisha tachi peke yake. Ubaya ni kwamba tachi za kampuni ndogo hazifuati jina la modeli. Zinafuata namba iliyochapwa kwenye fleksi, ule utepe wa rangi ya chungwa unaoingia kwenye bodi. Tableti mbili za modeli moja, mzigo tofauti, zinaweza kuwa na fleksi tofauti. Ukiagiza kwa jina la modeli unaletewa inayoingia lakini haiguswi vizuri, au inagusa kinyume: unagusa kushoto inajibu kulia.

Kwa hiyo fungua hiyo pisi ya majaribio. Pasha kingo kwa joto la kama nyuzi 70 hadi 80, pitisha kadi ya plastiki taratibu ukianzia upande usio na vitufe, usiingize zaidi ya milimita tatu usije ukakata fleksi. Piga picha namba ya fleksi ya tachi, namba ya nyuma ya kioo cha ndani, na bodi ndogo ya sistimu chaji, yenye tundu la kuchajia. Mtumie msambazaji picha hizo tatu, mwambie alete tachi mbili na sistimu chaji moja kwa kila pisi sita, zenye namba hizohizo. Akisema hana, usichukue mzigo hata akishusha bei.

Vifaa_Ujiji
Hapo fundi umemaliza. Kaka, piga hesabu hii: pisi 20 ni 5,300,000, faida ya 65,000 kila moja ni 1,300,000 zikitoka zote. Zikirudi mbili ndani ya waranti na huna cha kuzitengenezea, ukawarudishia wateja 660,000 zao, nusu ya faida imeondoka na bado una mizoga miwili ya tableti. Chukua sita kwanza, 1,590,000, hata akikuongezea elfu kumi kwa kila pisi. Waranti yako iandike kwenye risiti: miezi mitatu, mashine na betri, kioo kilichopasuka hakimo.

MwangaSimu
Nimemwandikia sasa hivi: pisi sita, tachi mbili, sistimu chaji moja, na picha za namba nimeambatanisha. Amekubali tachi, sistimu chaji anasema anaulizia stoo. Samsung nitaweka mbili za maonyesho kwa waliodhamiria.

FundiGungu
Subiri jibu la stoo kabla hujatuma hela. Na tachi zisije zimelazwa chini ya mzigo kwenye basi. Aziweke katikati ya boksi zimesimama wima, kila moja ndani ya kadibodi yake, maana njia ni ndefu na tachi tupu inapasuka kwa kubonyezwa tu. Zikifika, usibandue karatasi ya nyuma. Chomeka fleksi kwanza, washa, pitisha kidole kona zote nne, ndipo uweke akiba.