Mtoto wa miaka miwili kufundishwa kusoma nyumbani: tunamsaidia au tunamchosha?

Mleta mada

Wazazi wenzangu, hili linanikera na naomba tulijadili waziwazi. Siku hizi mtoto hajaacha hata nepi, tayari ana kadi za maneno. Anaonyeshwa kadi, anataja "paka", "mpira", "maji", anarekodiwa, sote tunapiga makofi. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa umri huo hana haja ya kufundishwa kusoma. Ana haja ya kusomewa na kuongeleshwa.

Anayetaja neno kwenye kadi mara nyingi amekariri kadi yenyewe. Liandike neno lilelile kwenye karatasi nyingine, au geuza "paka" iwe "pata", uone kama atagundua. Kusoma ni kujua kwamba alama hii ina sauti hii, na sauti zikiungana zinazaa neno. Kabla ya hapo sikio lazima lizoee kusikia kwamba "baba" na "bata" yanaanza sawasawa, na sikio linazoezwa kwa nyimbo, vitendawili na hadithi.

Mwaka 2014 Susan Neuman na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto 117 wa miezi 9 hadi 18. Kundi moja lilipewa programu ya kufundisha kusoma, yenye video, kadi na vitabu, kwa miezi 7. Jingine halikupewa. Mwishoni, watoto waliopewa hawakuwa wamejifunza kusoma kuliko wenzao. Waliobadilika ni wazazi: waliokuwa na programu waliamini kabisa kwamba watoto wao wanajifunza. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu anayejidanganya ni yule anayempenda mtoto kuliko wote.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, mtoto wa miezi tisa usimlinganishe na wa miaka mitatu na nusu anayevuta gazeti na kuuliza, "Hapa pameandikwaje?" Huyo nimwambie asubiri shule? Dolores Durkin aliwafuatilia watoto wa Marekani walioingia shule wakiwa tayari wanasoma, akachapisha kitabu mwaka 1966. Hawakuwa watoto wa ajabu. Walisomewa nyumbani, walipenda kuchorachora na kuandika, na walipouliza walijibiwa.

Halafu Kiswahili si Kiingereza. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Mtoto akishika ma-me-mi-mo-mu, milango inafunguka haraka. Kwa nini tumnyime? Na tusisahau darasa lililojaa watoto, ambako mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Mama au baba mwenye mtoto mmoja mapajani ana nafasi ambayo mwalimu yule hana.

Mchangiaji wa pili

Mimi nalea watoto wadogo, ndiyo kazi yangu. Nawaombeni jambo moja: mnaposoma, pitisheni kidole chini ya maneno. Mtoto ataona maandishi yanakoanzia na yanakoelekea, na kwamba hadithi inatoka kwenye maneno, si kwenye picha peke yake. Akitaka kitabu kilekile kila siku, msomeeni. Akishuka mapajani, mwacheni ashuke.

Lakini mleta mada hujagusa usaili. Kuna shule zinamtaka mtoto asome ndipo zimpokee. Mzazi afanyeje?

Mleta mada

Dada, shule inayomkataa mtoto kwa kutojua kile ambacho yenyewe inalipwa kumfundisha ndiyo yenye kasoro. Najua jibu hilo halimsaidii mzazi anayetafuta nafasi, lakini tukizidi kuwaandaa watoto wa miaka mitatu kwa usaili, kesho utashuka hadi wa miaka miwili.

Ndugu wa kwanza, kuhusu mtoto anayeuliza, nakubaliana nawe kabisa: ajibiwe, hata akiuliza mara mia. Ila hao wa Durkin waliuliza wenyewe. Hawakukalishwa. Na hoja yako ya wepesi wa Kiswahili mimi naiona inanisaidia. Kifini nacho huandikwa kwa sauti zake, herufi kwa herufi. Finland huwaanzisha watoto darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na wengi wao wanasoma kabla mwaka huo haujaisha. Kama lugha ni rahisi kusoma, haraka ni ya nini? Huko New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake waliwalinganisha walioanza kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na 7. Walipokaribia miaka 11, waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao.

Kwa hiyo nawauliza wanaotetea kadi, na nataka jibu la kweli: ukiziweka kabatini mwezi mzima, dakika zile zile ukamsimulia mwanao hadithi na kumwacha aulize, atapoteza nini?