Mwaka wa tatu nalea wazee Uingereza, sasa hospitali wananiita. Niende?

Nesi_wa_Zamu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea Moshi, nikafanya kazi hospitali ya mkoa, wodi ya wanaume, kabla ya kuja huku. Sasa ni mwaka wa tatu niko nyumba ya wazee katika mji mdogo wa Lancashire. Wiki iliyopita hospitali moja ya NHS, yaani hospitali za serikali za huku, imenipa nafasi wodi ya upasuaji, na udhamini wa viza juu. Mume wangu kashaanza kuangalia nyumba za kupanga huko.

Nianze na yanayonichosha. Usiku muuguzi ni mimi peke yangu, wazee 34, wasaidizi watatu. Dawa za saa tatu namaliza saa tano kasoro. Huyu anatema, yule hamezi mpaka kwanza akusimulie mbwa wake aliyekufa. Na si kila kidonge unaweza kukisaga ukakitia kwenye uji. Vile vinavyoachia dawa polepole ukivivunja, dozi yote inaingia kwa mpigo. Katikati ya hapo mtu anaanguka chooni. Basi ni kumpima tena na tena, kuandika, kumpigia mwanawe. Mgongo wangu nao umeanza kulia, japo mashine ya kunyanyulia ipo. Halafu wenzangu niliosoma nao wana jina wamenipa kwenye grupu la WhatsApp: hausigeli wa wazungu. Eti ujuzi wangu wa hospitali unapotea huku.

Sasa kinachonishika. Kuna bibi ana miaka 91, tangu msichana alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo. Kelele za mitambo zilimla masikio, na wafumaji wa huku walizoea kusemezana kwa midomo tu, bila sauti. Kumbukumbu zake zimeanza kupotea, ila midomo bado anaisoma. Nikiwa mwisho wa korido nafungua mdomo tu, "chai?", naye ananijibu vilevile. Jioni jua likizama anaanza kuhangaika, vidole vinafunga mafundo ya nyuzi ambazo hazipo. Siku moja jioni vidole vikatulia. Wasaidizi wakafurahi, leo bibi katulia. Mimi nikaogopa. Nikampima joto, pumzi, oksijeni, nikaita daktari. Nimonia. Kwenye karatasi ya zamu iliyopita hapakuwa na chochote cha kukuonyesha hilo.

Wodi ya upasuaji mtu anakaa siku tatu, anaondoka. Nisaidieni mawazo.

Mtoro_wa_Mbagala

Hujaweka mshahara hapo, tushauri kwa kutumia nini?

Nesi_wa_Zamu

Hahaa. Msingi unakaribiana. Ila hospitali usiku na Jumapili wana nyongeza nzuri zaidi, na pensheni yao si ya mchezo.

Mtoro_wa_Mbagala

Basi ushajijibu dada yangu.

Mkikuyu_wa_Leeds

Dada, pole na kazi. Mimi pia nilianzia nyumba ya wazee, sasa niko hospitali mwaka wa tano. Kwanza makaratasi: usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujapewa cheti kipya cha udhamini na viza haijajibiwa. Mkataba wako usome tena, tafuta kifungu cha kurudisha gharama walizokulipia kuja. Deni hilo linatakiwa lipungue kadiri unavyokaa, wakikudai lote baada ya miaka mitatu, wabishie.

Kuhusu ujuzi kupotea, sijui nani anawadanganya watu. Saa 450 za kazi ambazo NMC, baraza la wauguzi la huku, wanataka kila miaka mitatu ili usajili wako uendelee, za nyumba ya wazee zinahesabiwa kama zingine. Unafunga vidonda, unabadilisha mipira ya mkojo, unalisha kwa mrija, unasimamia pampu ya morfini ya mtu anayeaga. Nilipofika wodini nilikuwa mzito kwa kuchoma mishipa, ndiyo, wiki chache nikazoea. Lakini familia ikikataa kukubali kwamba baba hatapona, wenzangu walikuwa wananitafuta mimi.

Babu_Chumbageni

Binti yangu, marahaba. Marehemu mama alipigwa na kiharusi, akalala miaka minne hapa nyumbani Tanga. Tulimpenda, tulimlisha, tulimwogesha. Na akatoka vidonda vya kulalia hadi mfupa ukaonekana, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kwamba mtu asiyejigeuza anageuzwa kila saa mbili, usiku na mchana. Alikuja nesi wa zahanati, mtoto mdogo tu, akatuonyesha kwa mto na shuka. Hao wa grupu lenu waulize wamewahi kumgeuza mtu mzima saa nane za usiku.

Sista_Mkali

Mimi nitakuudhi kidogo. Bibi mmoja unayempenda si sababu ya kubeba wazee 34 peke yako. Ukichoka ukakosea dawa, leseni itakayoitwa mezani ni yako, mwenye hiyo nyumba ya wazee ataajiri mwingine. Kila usiku mnapokuwa pungufu andika, mtumie meneja kwa barua pepe, usiishie kumwambia kwenye korido. Mwambie unataka muuguzi wa pili. Jibu lake ndilo litakuamulia.

Halafu kumbuka, viza yako inaruhusu mpaka saa 20 kwa wiki za kazi ya uuguzi kwa mwajiri mwingine. Unaweza kwenda hospitali na bado ukachukua zamu moja moja huko kwa bibi yako.

Nesi_wa_Zamu

Wakuu asanteni, Babu ubarikiwe sana. Barua pepe nilituma Jumatatu. Jibu limekuja leo: "tutaangalia bajeti." Nimewaambia hospitali ndiyo, na meneja nimemwomba anibakishie zamu za Jumamosi mchana. Hajakataa.

Bibi bado sijamwambia. Jana nilikuwa naongea na mume wangu kwenye simu kuhusu kuhama, bibi kanikazia macho midomoni. Nilipomaliza akanuna: leo unasema ovyo, sikusomi hata neno. Nikakumbuka nilikuwa naongea Kiswahili.