Kumwona mtoto chini ya usimamizi: masharti yanabadilika kila Jumamosi, nani kayaandika?

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi. Naandika niko stendi hapa Kigoma nasubiri gari la kurudi Uvinza, na mikono bado inatetemeka kwa hasira.

Kwa kifupi: mahakama iliamua mwanangu wa miaka 6 akae na mama yake hapa mjini, mimi nimwone Jumamosi mbili kwa mwezi, saa 4 hadi saa 6, mbele ya afisa ustawi. Hapo sijaonewa. Mwaka jana nilimchukua shuleni bila kumwambia mama yake nikakaa naye siku tatu, mwenzangu hakulala. Nilikosea, nikaomba radhi mbele ya hakimu na mbele ya wazee wa pande zote mbili. Amri naifuata.

Ninachokataa ni masharti ya mdomo. Mara iliyopita dada aliyekuwa zamu aliniruhusu kumpa mtoto maembe na daftari la kuchorea. Leo nimemkuta kaka mwingine, kanizuia mfuko mlangoni, eti zawadi haziingii. Sawa, nikauacha. Tumekaa kidogo mtoto ananiambia, "Baba, viatu vinanibana." Nikamvua kimoja, kidole kidogo kimechubuka kabisa. Nikatoa kipande cha kamba nimpime mguu nikamnunulie namba inayomtosha. Yule kaka akapiga meza: "Usimguse mtoto!" Mwanangu akauficha mguu chini ya kiti, hakusema tena neno. Na hayo masaa mawili yenyewe yakakatwa saa 5 na nusu kwa sababu mwenye ofisi ana safari!

Nikauliza, imeandikwa wapi nisimguse? "Ndio utaratibu wetu." Nakala ya amri ninayo kwenye begi. Imetaja siku, saa, mahali, na kwamba nisiondoke naye. Zawadi haimo. Kugusa haimo.

Na Sheria ya Mtoto ya 2009 nimeisoma, si ya kusimuliwa. Kifungu cha 26 kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ilimradi masomo yake yasivurugike. Haki ni ya MTOTO! Kifungu cha 4 nacho kinaweka maslahi ya mtoto mbele. Msimamizi yupo kumlinda mtoto. Kuna wazazi wanapiga, kuna wanaokuja wamelewa, wengine wanamhoji mtoto habari za nyumbani kwa mama yake mpaka analia. Hao afisa asibanduke, na mimi pia aniangalie, sikatai. Ila mtoto wa miaka 6 akipigiwa kelele kwa kuonyesha kidonda chake, amelindwa na nini?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hakimu atasoma taarifa ya huyo huyo kaka. Ataandika nilivunja masharti. Masharti yapi?

Kama kuna aliyewahi kurudi Mahakama ya Watoto kuomba masharti yaandikwe ndani ya amri yenyewe, aniambie alianzia wapi, na kama aliandika barua kwanza kwa bosi wa hao maafisa. Mawakili mliomo humu pia naomba mpite. Jumamosi yangu nyingine ni baada ya wiki mbili, na mtoto Jumatatu anaingia shule na viatu vile vile.