Naomba ushauri: madai ya hataza (patent) niyaandikeje?

Ndugu zangu, nina karakana ndogo Kariobangi Light Industries, na nimebuni mashine ya kukamua miwa ambayo rola zake hujisafisha zenyewe. Nataka kupeleka ombi la hataza KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili uvumbuzi, pale South C, Nairobi. Maelezo na michoro iko tayari. Madai, yaani sentensi zinazotaja ni kitu gani hasa kilindwe, ndiyo yananitatiza. Nikiyabana sana, fundi mwingine atabadilisha kipande kimoja tu aseme ni yake. Nikiyapanua, mkaguzi ataona hakuna jipya. Je, niombe hataza ya miaka 20, au modeli ya matumizi (utility model, ulinzi mdogo kuliko hataza) ya miaka 10, ambayo haihitaji hatua ya uvumbuzi, yaani wazo lisilo dhahiri kwa fundi mwingine? Mlioandika wenyewe bila wakili, dai la kwanza mlilianzaje? Wauzaji wa juisi wanaiulizia, nami sitaki kuwaonyesha kabla sijawasilisha ombi.