Naomba ushauri: mtindi mzito wa nyumbani kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Wadau, naomba ushauri wa lishe kwa mgonjwa aliyepunguzwa tumbo, ambaye daktari ameshamruhusu vyakula laini. Lengo la protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na tumbo linabeba kidogo mno, hivyo kila kijiko kina thamani. Mtindi wa matunda wa dukani tumeuacha kwa sababu ya sukari.

Mtindi wa kawaida una protini kama gramu 3.5 kwa kila gramu 100; ukichujwa vizuri hufika 9 au 10. Kwa hiyo tunatengeneza hivi: lita 1 ya maziwa yanapashwa hadi nyuzi 85, yanakaa hapo dakika 10, yanapozwa hadi 43. Ndipo tunakoroga vijiko vikubwa 2 vya mtindi usio na sukari wenye bakteria hai, tunafunika kwenye hotpoti saa 7, kisha tunauchuja kwa kitambaa safi ndani ya friji saa 4. Mbegu (yaani huo mtindi wenye bakteria hai) ikitiwa maziwa yakiwa moto sana, bakteria hufa na hayagandi kabisa.

Swali kubwa: kuongeza vijiko 4 vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta kabla ya kupasha kunapandisha protini, lakini laktosi (sukari ya asili ya maziwa) nayo inapanda. Je, kwa tumbo hili ni salama, au tuchuje tu kwa muda mrefu zaidi? Na chembechembe zinazobaki mdomoni, tatizo ni joto au ni kukoroga?