Chensoo za kopi na ule uongo wa "ni kiwanda kile kile": sasa basi

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Hasira zenyewe ni za chensoo, misumeno ya injini ya kukatia miti, zile za kuiga Stihl ya Mjerumani.

Niko Mufindi. Kazi yangu ni kuangusha miti: paini za watu binafsi zinazokwenda kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasua mbao, na milingoti (mikaratusi) ya nguzo za umeme oda zikija. Mashine kwangu inawashwa umande haujakauka na inazimwa jioni, katikati inapumzika wakati wa kujaza mafuta na kunoa cheni tu.

Kila anayeuliza humu "chensoo gani nzuri ya bei nafuu" anadakwa na watu wale wale. Chukua kopi mkuu, ni kiwanda kile kile, tofauti ni nembo, spea zinaingiliana, mimi yangu mwaka wa pili huu haijawahi kunisumbua. Ukimbana vizuri unakuta ana heka mbili za parachichi Njombe, anapogoa mara moja kwa mwaka, mashine inarudi stoo kulala na majembe. Ndugu, hiyo haijakusumbua kwa sababu hujaifanyisha kazi! Kwa matumizi yako iko sawa kabisa, baki nayo. Ila usimshauri mtu mwenye mkataba na lori linalosubiri mzigo.

Haya, yangu ni haya. Kikosi chetu kilichukua mashine mbili duka moja, jina la duka naliacha. Ndogo ya kupunguzia matawi, boksi limeandikwa cc 62, yaani ujazo wa injini. Kubwa ya kuangushia, imebandikwa stika ya Stihl MS 381, muuzaji anaapa kwa miungu yote kwamba ni original ya Ujerumani imekuja na mzigo maalumu ndiyo maana bei imepungua kidogo. Kidogo tu. Kwa hiyo msije hapa na "ulitegemea nini kwa bei hiyo", maana bei haikuwa hiyo.

Ndogo ilikuwa inachoka kwenye matawi ambayo mashine ya zamani ya cc 50 inayapitia bila kuhema. Fundi akaifungua, akachukua kalipa, kile kipimo cha milimita. Tundu la silinda milimita 45. Mwendo wa pistoni milimita 32. Piga hesabu mwenyewe, ni ile ya ujazo wa pipa ya shule ya msingi: haifiki hata cc 51. Hizo 11 nyingine ziko kwenye boksi. Nikarudi dukani na karatasi ya hesabu, naambiwa eti "cc za China zinapimwa tofauti". Sentimita ya ujazo inapimwa tofauti! Mtu mzima ananiambia hivyo huku ananitazama machoni.

Kubwa ndiyo iliyoniua. Ilianza kwa kukataa kutulia sailensa, yaani inaponguruma bila kuvutwa mafuta, mara inapanda yenyewe, mara inazima. Unageuza skrubu ya kabureta, inatulia kidogo, kesho yake yale yale. Halafu siku moja katikati ya mlingoti mnene, mkato wa nyuma umefika nusu, ikapiga kelele nyembamba ya juu sana na kuganda. Kamba haivutiki. Mti umesimama umekatwa nusu, upepo unapiga, na sisi tumeshikilia chuma. Tukafukuza watu wote upande ule hadi tukaletewa mashine ya jirani kuumalizia.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mafuta hukuchanganya vizuri". Futa. Lita moja ya petroli, mililita 40 za oili ya tu-stroki, yaani 25 kwa 1, tena kwa kipimo cha chupa, siyo kwa macho. Fundi alipotoa silinda, pistoni ilikuwa imechanika mistari upande wa ekzosi, ringi imenata kwenye mfereji wake. Akaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu, akasukuma upepo ndani, akaizamisha kwenye beseni la maji. Mapovu yakatoka kwenye sili ya krenki upande wa magneti, ile raba inayozuia hewa isipenye pembeni ya shafti. Sili mpya, ya kiwandani, inavuja! Hewa ikiingia pale, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, mashine inazunguka kasi kupita kiasi, na oili ya kulainisha pistoni ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya petroli, kwa hiyo nayo inapungua. Pistoni inachemka na kutanuka hadi inasaga ukuta wa silinda. Kabureta uliyokuwa unaichezea haikuwa na kosa lolote.

Hapo ndipo mnaponiletea "spea zinaingiliana". Zinaingiliana, sikatai. Weka pistoni na silinda za kweli, weka sili, kabureta, plagi, cheni ya maana kwa sababu ile waliyokupa inalegea kabla chai haijafika porini. Ukimaliza, kilichobaki cha kopi ni plastiki na stika, na hela uliyotoa inakaribia mashine halisi. Bado hujahesabu posho za vijana waliokaa juu ya magogo wanachezea simu, wala mwenye dingdong anayekupigia kila nusu saa. Hii hesabu muuzaji haiweki mezani.

Nije kwenye breki ya cheni, maana hii inanikera kuliko pistoni. Jaribio linajulikana: shika mashine vizuri, vuta mafuta, sukuma ile ngao ya mbele. Cheni isimame hapo hapo. Ya kwetu ilisimama kama inajifikiria, na baadaye ikawa haisimami, inapunguza tu mwendo. Kufungua, ule mkanda wa chuma unaobana ngoma ya klachi umelainika na kung'aa, hauna tena cha kubania. Vijana wetu wengi wanaingia porini na yeboyebo miguuni, kofia ngumu wanaiona kwenye mabango. Ncha ya mashine ikigusa gogo la pili, inaruka juu kuja usoni, na breki ndiyo kinga pekee iliyobaki. Na wazee wa Stihl 070 msianze, najua zile za zamani hazikuwa na breki kabisa. Ndiyo, na kila aliyeishika alijua haina. Hii inakuonyesha ngao ambayo nyuma yake hakuna kitu.

Suala la "Mchina" naliweka pembeni, siyo hoja yangu. Stihl wenyewe wana kiwanda Qingdao, China, na mashine zake zinapiga kazi. Tena wapo Wachina wanaotengeneza kopi na kuziuza waziwazi kwa jina lao, kama hawa wa Holzfforma. Unanunua ukijua unanunua nini. Ugomvi wangu ni na anayepokea kopi, anabandika stika ya watu, anaongeza bei, halafu ukirudi anakwambia "hiyo uliyopata ni gredi B, subiri mzigo wa gredi A". Gredi gani? Nani anazipima? Katika boksi kumi moja inaweza kuwa nzima kabisa ikakata miaka, na huyo aliyeipata ndiye anakuja kutuandikia ushuhuda humu.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii: Stihl halisi ina namba yenye tarakimu tisa iliyogongwa kwenye chuma cha bodi. Kwenye chuma, siyo kwenye karatasi ya kubandika. Yangu haikuwa nayo, nimeiosha kwa petroli nikaitafuta na tochi. Muuzaji akikataa usiiwashe dukani na kujaribu breki, ondoka.

Na ninyi mnaosifia kopi kwa kazi nzito, uwanja ni wenu. Aliyeangusha miti ya biashara msimu mzima na kopi ambayo haijaguswa ndani, afungue ekzosi, apige picha ya pistoni kupitia lile tundu, aiweke hapa. Picha za boksi sitaki.