Kilo zile zile, kiuno kinapanuka

fundi_Ngamiani: Habari zenu. Nina miaka 41, nashona nguo hapa Tanga. Ugonjwa wa misuli ya nyonga na mabega ninao tangu sekondari, na mwaka wa pili huu niko kwenye kiti mwendo. Mizani ya kliniki ni ya kusimama, kwa hiyo mdogo wangu hunisukuma hadi godauni la mahindi, napimwa na kiti changu kama gunia, tunatoa kilo 17 za kiti. Juzi: 61, zile zile za miaka mitano nyuma. Ila futi yangu ya kushonea inasema kiuno kimetoka sentimita 84 hadi 97, na futi naiamini kuliko nesi. Sukari kabla ya kula 6.4, iko juu kidogo. Nesi anataka nifanye mazoezi, shangazi anasema nitamaliza misuli iliyobaki. Nimsikilize nani? Halafu vipimo vya ini viko juu, na pombe sijawahi kuonja.

Baba_Likoni: Dadangu, mimi nina Becker, aina nyingine ya ugonjwa wa misuli. Misuli ikiondoka, mafuta hukaa pahali pake, mizani haijui. Shika futi yako. Kuhusu ini: ALT na AST, vile vimeng'enya wanavyopima kwa ajili ya ini, hutoka kwenye misuli pia. Mimi nilichunguzwa ini miezi minne kabla ya daktari mmoja kuagiza CK, kipimo cha misuli inayoharibika. Omba na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, hiyo haitoki kwenye misuli. Hata kreatinini, kile kipimo cha figo, ikija nzuri sana usishangilie, misuli michache huishusha.

mnyooshaviungo: Nafanya kazi ya fiziotherapia. Shangazi ana nusu ya ukweli: kunyanyua vizito hadi mikono itetemeke, hapana. Mazoezi mepesi ya mikono, dakika 10, siku tatu kwa wiki, huku unaweza kupiga soga. Maumivu yakifika siku ya pili, punguza. Mkojo ukiwa rangi ya kahawa, hospitali siku hiyo hiyo. Ila kabla ya kuanza, moyo upimwe; baadhi ya aina za ugonjwa huu huugusa.

fundi_Ngamiani: Nina cherehani ya mkono ya marehemu mama. Nikiizungusha bila uzi?

mnyooshaviungo: Hiyo hiyo! Inyanyue mguu wake unaobana kitambaa, usikanyage meno ya chini.

fundi_Ngamiani: Mpini uko kulia tu. Kushoto je?

Baba_Likoni: Si uigeuze mezani, ikupe mgongo?

fundi_Ngamiani: Nimecheka. Haya, Jumatatu naenda kupima moyo. Chai nimeshatoa vijiko viwili vya sukari, maandazi bado tunajadiliana.